Buti Likivuja, Sema

Kuna mtu akinyamaza unajua ana adabu, na kuna mtu akinyamaza unajua anaumwa. Mama Buti ni huyu wa pili. Ukianza kupanda ngazi za jengo lile la ghorofa mbili, kabla hujafika kidato cha tatu utakuwa umeshasalimiwa, umeshaulizwa habari za nyumbani, na umeshaambiwa kwamba kisigino chako cha kushoto kimelala upande kama mtu aliyechoka na ndoa. Sauti inatoka chini yako, kwenye upenyo ulio kati ya saluni na mlango wa fundi vioo. Hapo ndipo ilipo meza yake, jiriwa lake, na ukuta uliojaa vitu vinavyosubiri wenyewe.

Juu ya meza kuna ubao wa rangi ya bluu ulioandikwa BUTI NI BUTI. Waliozoea hawausomi tena, ila mgeni lazima asimame aulize. Na akishauliza, basi amekwisha, maana Mama Buti atamsimulia habari ya ubao ule mwanzo hadi mwisho na viatu vyake havitashikwa mpaka hadithi iishe. Mimi nitaifupisha, kwa sababu siku hizi watu hawana subira.

Baba yake, marehemu sasa, ndiye aliyeanza kazi chini ya ngazi hizo. Alikuwa mtu mfupi, mkali, na ubao wake siku hizo ulisema FUNDI VIATU tu. Siku moja akaja dereva wa teksi na mpira mrefu umemning'inia shingoni. Ulikuwa mpira wa kuzibia ukingo wa buti la gari lake. Umechanika, vumbi linaingia, mizigo ya abiria inatoka imepakwa unga, na mafundi wa magari wanamzungusha tu. Mzee akamwambia, "Mimi fundi wa miguu. Hilo gari lako lina miguu?" Dereva naye hakukubali kushindwa. "Fundi, kwani wewe hushoni mabuti? Na hili ni buti. Buti ni buti tu." Mzee alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Akaushika ule mpira, akaunyoosha, akaona kumbe shida yake ni gundi na uzi, vitu anavyokula navyo sahani moja kila siku. Akautengeneza. Kesho yake akapaka ubao upya.

Tangu hapo wakaja wote. Wachezaji wakaleta mabuti ya mpira, yale ambayo wengine wanaita njumu, meno yameng'oka. Walinzi wakaleta mabuti yao mazito. Makanika wakaleta buti la gia, ile ngozi inayovalishwa shingoni mwa mti wa gia, na buti la ekseli, ule mpira wenye mikunjo unaozuia grisi isimwagike. Aliwahi kuja hata kijana wa ofisi ya juu akilalamika kwamba kompyuta yake imegoma kubuti, na Mama Buti, siku hizo akijifunza kazi kwa baba yake, akamwambia ailete waione soli. Kijana alicheka hadi akaenda kuleta mkoba wa hiyo kompyuta ushonwe zipu. Na kuna bwana mmoja alikuja mikono mitupu, macho mekundu, akasema amepigwa buti kazini. Mzee alimvutia kiti, akamnunulia chai, akamwambia kwa upole kwamba hilo moja hana kiraka chake.

Mzee alipofariki binti akakaa kwenye kile kiti, na watu wakasubiri ashindwe. Wakasubiri, wakachoka. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya baba yake, na alijua hivyo, na alisema hivyo. Msinione nampamba. Yule mama ana majivuno. Ila ni majivuno ya mtu anayejua anachokifanya, na sijawahi kumwona mteja aliyeondoka amenuna.

Na majivuno yale yalisimama juu ya kitu kimoja alichorithi, yaani kipimo cha maji. Buti la mpira, gambuti, mzee hakulirudisha kwa mwenyewe kwa kuliangalia tu. Alilijaza maji mpaka shingoni, akalisimamisha juu ya karatasi ya gazeti, kisha akaenda kunywa chai. Akirudi anamwaga maji na kusoma karatasi. Matone yaliyotawanyika huku na huku ni ya kumwagia tu, hayana neno. Lakini akikuta alama ya unyevu yenye umbo la soli, au hata robo yake, buti halitoki. Linarudi mezani. "Mtu huyu anaingia mahali ambapo mimi sitaki hata kuchungulia," mzee alikuwa akisema. "Angalau aingie mkavu."

Mabuti yaliyokuja kwa wingi hasa yalikuwa ya wazibuaji wa mitaro ya maji taka. Ni wanaume kumi na wawili. Wanafunua mfuniko wa chemba barabarani na kushuka kwenye yale tunayoyamwaga sisi halafu tunajifanya hatuyajui. Mmoja wao alikuwa shemeji yake Mama Buti, mdogo wa mumewe, jitu refu lenye miguu mikubwa na mdomo usiolala. Kila alipopita chini ya ngazi lazima warushiane maneno. "Shemeji, kaka yangu amekonda, unampikia soli?" Na yeye, bila kuinua kichwa: "Pita kule na hayo majahazi yako mawili, unanizibia mwanga." Walipendana sana wale, ndiyo maana hawakuwahi kuambiana.

Basi mwaka huo mabuti mapya ya wazibuaji yakachelewa. Msimamizi wao, mtu wa kalamu mbili mfukoni na haraka zisizo na mwisho, akaleta jozi zote kumi na mbili kwa awamu. Mama Buti akazipiga msasa palipopasuka, akakata viraka vya tyubu, akapaka gundi ya solusheni, akavibana kwenye jiriwa. Kazi safi. Tatizo likawa karatasi.

Muuza magazeti wa pale kona alikuwa ameshaacha biashara, maana watu wanasoma habari kwenye simu. Mama Buti akabaki anaomba karatasi huku na huku. Msusi wa jirani, mwanamke mkarimu, akamwona anahangaika, akamletea rundo la majarida ya zamani ya mitindo ya nywele. Karatasi nzito, zinang'aa, kila ukurasa mrembo anacheka. Mama Buti akafurahi. Karatasi moja ya gazeti ilikuwa ikifa kwa jozi moja, lakini hizi, ukifuta kwa kitambaa, zinapima hata wiki nzima. Alijiona mjanja. Akajaza maji, akasimamisha mabuti juu ya warembo, akanywa chai, akamwaga, akafuta matone, akaita wenyewe wachukue. Jozi zote kumi na mbili zikapita mara ya kwanza tu kupimwa, na hilo halijawahi kutokea tangu enzi za mzee. Alimwambia mumewe mezani kwamba sasa amempita baba yake. Mume akamwambia anywe maji kwanza.

Siku tisa baadaye, saa nne asubuhi, msimamizi alisimama mbele ya meza, gambuti moja la kulia mkononi. Lilikuwa kubwa. Mama Buti alilijua kabla hajaambiwa.

"Shemeji yako yuko hospitali tangu jana jioni," msimamizi akasema. "Mguu umevimba hivi. Anasema alikanyaga msumari, ukatoboa buti, maji machafu yakaingia kwenye jeraha. Daktari anapigania mguu. Nimekuja uzibe hapo palipotoboka, kuna mtu wa kushika nafasi yake leo." Simu yake ikalia, akasogea barabarani kuijibu.

Mama Buti hakusema kitu. Msusi alitoa kichwa mlangoni kwa ule ukimya, akaona uso wa jirani yake, akarudi ndani taratibu.

Alilishika buti na kulipitishia vidole ndani na nje, inchi kwa inchi. Msumari una tabia yake kwenye mpira. Unaacha kitundu kidogo kilichojifinya, na ukikunja soli kinafunguka. Akakunja soli. Hakuna kitundu. Akakunja tena, akasogeza kwenye mwanga. Hakuna. Akalijaza maji, akalisimamisha juu ya mrembo mmoja mwenye nywele za kusuka, akakaa kulitazama, safari hii bila chai.

Baada ya muda akahisi baridi kwenye goti. Akatazama chini. Sketi ilikuwa imelowa. Akamwaga maji ya buti kwenye ndoo, akainua ile karatasi. Karatasi haikuwa na alama ya unyevu, ila chini yake ubao wa meza ulikuwa umelowa, na juu ya uso wa mrembo matone machache yalikuwa yamekaa kama jasho. Akapitisha kitambaa mara moja. Yakatoka, na mrembo akaendelea kucheka, mkavu kabisa.

Karatasi hii hainywi maji. Yanateleza tu, yanapita ukingoni na kwenda zake. Yeye kila alipopima alikuwa anafuta ushahidi kwa kitambaa, akidhani ni matone ya kumwagia. Akaligeuza buti na kulisogeza karibu na jicho. Pale kidole kidogo kinapokunjia mpira, ukingo wa kiraka chake yeye mwenyewe ulikuwa umeinuka, upana wa ukucha. Msumari haukuwapo. Shemeji yake alikuwa amedanganya.

Msimamizi alirudi akiweka simu mfukoni. "Umepaona? Ni msumari, sivyo?"

Sasa hapo ndipo ninapomheshimu yule mwanamke, na majivuno yake yote. Hakuna aliyejua. Msimamizi mwenyewe alikuwa ameshampa jibu, kilichobaki ni kutikisa kichwa. Angetikisa, angebaki Mama Buti wa watu, ubao wake juu, wateja wake mstarini. Akatikisa kweli, lakini kukataa.

"Siyo msumari. Ni kiraka changu. Nilipima vibaya." Halafu wazo la pili likamjia, akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Na wale kumi na mmoja wako wapi sasa hivi?"

"Kazini. Wako chini, chemba ya nyuma ya soko."

"Waite watoke."

"Mama, hebu tulia. Kazi ile inaisha leo. Siwezi kuwatoa watu kwa sababu wewe una wasiwasi."

"Sina wasiwasi. Nina hakika. Yote nimeyapima kwa karatasi moja." Alikuwa ameshaanza kukusanya: msasa, tyubu, mkasi, kopo la solusheni, ndoo. "Usipowatoa wewe nitawatoa mimi, na mimi sauti yangu unaijua."

Akamwita dereva wa teksi aliyekuwa akiegesha ng'ambo ya barabara, mtoto wa yule dereva wa zamani aliyeleta mpira shingoni, aliyerithi gari na maneno ya baba yake. Dereva akafungua buti la gari, wakapakia kila kitu, pamoja na mtungi wa maji wa msusi. "Leo mabuti ndani ya buti," dereva akasema, kisha akamtazama Mama Buti na kuwasha gari. Msimamizi akaona heri apande naye kuliko kufika nyuma yake.

Nyuma ya soko mfuniko ulikuwa wazi na kamba imezungushwa. Mama Buti alipita chini ya kamba, akapiga magoti ukingoni, akaita kwenye lile shimo kwa sauti iliyokuwa ikiwafikia watu wa ghorofa ya pili. "Nyie humo ndani. Tokeni. Mabuti yenu yanavuja, mimi ndiye niliyeyaharibu, na sitayatengeneza mkiwa huko."

Wakatoka mmoja mmoja, wengine wakicheka, wengine wakinung'unika. Watu wa soko wakasogea kutazama. Akawakalisha kwenye ukingo wa barabara, miguu peku mbele, kama darasa la chekechea, akawasafishia mabuti kwa maji ya mtungi. Kisha akayajaza yote ishirini na mawili kwa ndoo, kutoka bomba la soko, na kuyapanga juu ya saruji kavu, palipopigwa na jua. Saruji inakunywa maji na inabadilika rangi, haina cha kujificha. Akasimama na mikono kiunoni. Hakukimbia macho ya mtu. Wale waliomuuliza, aliwajibu: ndiyo, ni kosa langu, nilitumia karatasi isiyofaa, sasa napima upya.

Muda wa kunywa chai ulipita. Akainua la kwanza. Pakavu. La pili, pakavu. La tano likaacha alama nyeusi ya soli nzima, na mwenye nalo, mzee wa kundi, akajitazama wayo. Mwishoni yakawa matatu yanayovuja, kumi na tisa mazima. Akakaa palepale chini, akavibandua viraka vile vitatu kwa mikono yake na kuanza upya: msasa, solusheni, kusubiri ikauke, kubandika, kugonga kwa nyundo kwa sababu jiriwa lilibaki kule chini ya ngazi. Akapima tena. Saruji ikabaki nyeupe.

"Itabidi niandike ripoti," msimamizi akasema, akishika kalamu moja kati ya zile mbili.

"Andika. Na uandike vizuri jina la karatasi."

Hospitali alifika saa ya kuona wagonjwa. Shemeji yake alikuwa amelala, mguu umeinuliwa juu ya mito, miguu mirefu imezidi kitanda. Alipomwona alianza mapema, kama kawaida yake: "Shemeji, umeniletea viatu au umeniletea maneno?"

Mama Buti hakucheza. Alivuta kiti na kukaa karibu. "Lilianza kuvuja lini?"

"Nilikanyaga msu..."

"Nimekunja ile soli mara mbili. Lini?"

Shemeji akatazama dari. "Siku ya pili tu. Kidogo. Soksi ilikuwa inalowa. Halafu nikajikata kidole cha mguu nyumbani, kwa bati la mlango, kitu kidogo tu. Nikasema kitapona."

"Siku zote hizo unashuka kwenye uchafu na jeraha, na unapita mbele ya meza yangu kila asubuhi unanitania. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umeshatangaza mtaa mzima kwamba zote kumi na mbili zimepita mara moja. Ningekuja mbele ya wateja wako niseme la kwangu linavuja? Mimi, wa nyumbani?" Akajaribu kucheka. "Jina lako lile, shemeji. Watu wanakuja kutoka mbali kwa sababu ya jina lile."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na alikuwa na hasira nayo. "Kwa hiyo ulitaka nibaki na jina, nikuzike wewe? Jina ndilo litakalopita asubuhi kuniuliza kama nimempikia kaka yako soli?" Akashika mkono wake, ule mkubwa, na kuubana. "Nakupenda, mpumbavu wewe. Usinifanyie tena adabu ya namna hiyo."

Daktari aliuokoa mguu. Kidole kidogo hakikuokoka, kilikatwa siku iliyofuata, na Mama Buti alikuwa nje ya mlango huo mpaka walipomaliza. Hakuna aliyemwambia kwamba halikuwa kosa lake, na yeye hakumwomba mtu amwambie hivyo. Msimamizi aliandika ripoti yake. Mwezi mmoja mabuti ya wazibuaji hayakuja. Mwezi wa pili wazibuaji wenyewe wakayaleta, kila mtu na lake mkononi, wakisema hawataki fundi mwingine. Wakakuta meza ina kipande cha saruji tambarare, mraba, alichomwagiwa na fundi wa ujenzi, na hakuna karatasi hata moja. Chini ya BUTI NI BUTI palikuwa na maneno mapya, rangi bado inanuka: LIKIVUJA, SEMA.

Shemeji alirudi kazini baada ya miezi mitatu, akitembea kwa kuyumba kidogo. Mama Buti alikuwa amemkatia ngozi laini ya kujaza mahali pa kile kidole. Asubuhi ya siku ya kwanza alishuka kwenye shimo, na saa sita akatokea chini ya ngazi, wateja wanne mstarini, akapaza sauti mpaka msusi akatoka na kitana mkononi.

"Shemeji. Linavuja."

Mama Buti aliweka sindano chini. Akanyoosha mkono, akapewa buti, akalijaza maji mpaka shingoni na kulisimamisha juu ya saruji, mbele ya kila mtu. Wakasubiri wote, shemeji akiwa amesimama kwa mguu mmoja na kushikilia bega la mteja asiyemjua. Mama Buti akalimwaga na kuliinua. Chini palikuwa pakavu, peupe kabisa.

"Halivuji," akasema.

"Najua," shemeji akajibu, akivaa buti lake. "Nilikuwa najifunza kusema."